Gideoni na Sauti ya Mkwewe

Katika miaka ya Mwingereza, vita vya Hitla vilipokwisha, pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa ilianza kupata wageni wa namna mpya. Hawakuuza kitu, hawakuhubiri, na hawakudai kodi. Walikuja kuuliza.

Wa kwanza alikuwa bwana wa mawe. Alipanda milima ya mashariki na nyundo, akasema kwamba zamani sana ardhi ilidumbukia na ndipo ziwa likazaliwa. Akafuata bwana wa mbu, aliyewatuma watu kuchota maji ya mashamba ya mpunga kwa vikombe vya bati, na bwana wa samaki, aliyewahifadhi mbasa na magege katika chupa za spiriti. Alikuja pia bwana wa habari za kale. Huyu aliwakalisha wazee akawauliza babu zao walitoka wapi, na babu za babu zao, mpaka mzee mmoja akamwuliza kwa huruma, "Bwana, kwani umepotelewa na ndugu?"

Wote hao walihudumiwa na mtu mmoja, Gideoni wa Ndandalo. Alikuwa mwalimu wa shule ya misheni mpaka kifua kilipomsumbua, akarudi kwenye migomba yake. Aliandika Kinyakyusa, Kiswahili na Kiingereza kwa mwandiko ulionyooka. Mtafiti yeyote aliyefika Kyela aliambiwa mtafute Gideoni, na Gideoni alipatikana, amevaa koti lake jeusi hata wakati wa joto.

Alikuwa mtu mwema. Hakunywa, hakusema uongo sokoni, na kanisani alikaa benchi la mbele. Lakini alikuwa na wazo moja ambalo hakulipima. Aliamini kwamba utafiti wote ni kazi moja. "Kuna kitu kimejificha," aliwaambia watu, "mtafiti anakitoa nje. Awe samaki, awe mbu, iwe habari." Watu waliitikia kwa kuwa alikuwa amesoma.

Kisha akaja Misi Walton. Alitaka kujua ufinyanzi wa Wakisi na maneno ambayo wanawake huyatumia wakiwa peke yao kwenye udongo. Alikuja na mashine ya kunasa sauti, sanduku zito lenye utepe unaozunguka. Kwa kuwa mwanamume asingefaa kukaa na wanawake kazini, alimchukua Zuena, mke wa Haruni mwenye duka pale Kyela. Ukoo wa Haruni ulitoka Kilwa, lakini Zuena mwenyewe alizaliwa Mwaya, ufukweni, na Kinyakyusa alikisema kama wenyeji. Barazani pake wanawake wa ziwani walipumzika siku za soko, Wakristo kwa Waislamu, na vyungu vyao wakavipanga kwenye kivuli cha duka.

Mfinyanzi waliyempenda zaidi alikuwa Damari. Alikuwa Mkisi wa Ikombe, chini ya milima ya mashariki, akaolewa na Tuntufye, mwana wa Gideoni. Tuntufye alikwenda migodini Joni, huko Afrika Kusini, wakati mtoto wao, Tulinagwe, hajaota meno, na sasa mtoto alikuwa anakimbia na baba hajatuma hata salamu.

Kila mtu wa huku anajua sheria ya mkwe. Mke wa mwana haonani na baba wa mumewe. Akimwona njiani anaingia migombani. Jina lake halitamki. Baba mkwe naye akikaribia nyumba hukohoa ili mwanamke apate kujiondoa. Damari alilelewa kwa Wakisi, lakini sheria ile aliishika barabara. Tangu aolewe, Gideoni hakuwahi kumtazama usoni wala kuzungumza naye.

Zuena alitafsiri kwa Kiswahili kifupi pale pale kazini. Misi hakutosheka. Alitaka kila neno la Kinyakyusa liandikwe jinsi lilivyotamkwa, na wa kuandika alikuwa Gideoni tu. Alimkalisha kwenye hema lake kando ya barabara, akaweka utepe. Kabla ya kuufungua akasita.

"Mwalimu, huyu ni mkweo. Mila yenu inakuruhusu?"

Gideoni angeweza kusema hapana. Misi angefunga sanduku, na dunia isingepungukiwa. Lakini alikuwa amezoea kuwa mtu wa majibu.

"Mila inakataza kuonana," alisema. "Mashine haina uso."

Misi akaandika jibu hilo pia, kwa kuwa lilimpendeza. Na yeye ana sehemu yake katika kosa hili. Aliijua sheria ya kutosha kuuliza, akaridhika na jibu lililomfaa.

Mwanzoni sauti ilisema habari za udongo, unapochimbwa, unavyopondwa na kuchanganywa. Gideoni aliandika. Ilikuwa sauti nzito kidogo, yenye mzaha, na alishangaa kwamba mwanamke aliyemjua kama kanga inayokimbilia migombani alikuwa na mzaha. Kisha Zuena akasikika akimwuliza mumewe ataleta nini kutoka Joni. Sauti ikakatika kwa kwikwi, halafu ikasema polepole kwamba haitamngoja tena. Kaka yake Ambilikile atakuja Mwaya na mtumbwi siku ya soko. Atapanda na mtoto wake warudi Ikombe. "Usimwambie mtu, Zuena. Wakijua watamshika mtoto." Na Zuena akajibu, "Limeingia kaburini, dada." Wote wawili walikuwa wamelisahau sanduku.

Hapo Gideoni alipaswa kuinua mkono. Misi, ambaye Kinyakyusa chake kilikuwa cha salamu tu, alikuwa akinoa penseli bila kujua kilichosemwa. Gideoni hakuinua mkono. Alisikiliza mpaka utepe ukaisha, akaandika yote kwa mwandiko ulionyooka.

Kwa desturi, mtoto ni wa ukoo wa baba yake, ng'ombe wa mahari walikwisha kutolewa. Gideoni alijiambia hivyo njia nzima. Alifika nyumbani akamwambia mkewe, Anyosisye, "Mpeleke mtoto Njisi kwa dada yangu. Anamtamani." Anyosisye hakuona ubaya. Asubuhi, Damari alipokuwa kwenye mashimo ya udongo, mtoto alibebwa.

Siku ya soko Ambilikile alingoja na mtumbwi. Damari alikuja peke yake. Kwanza alikwenda Kyela, kwenye baraza la Haruni, ambako Zuena alikuwa amepanga vyungu alivyonunua kwake. Alikinyanyua kimoja, akakibwaga chini mbele ya watu.

"Damari! Una wazimu?"

"Kaburi lako lina mdomo, Zuena."

"Nimefanya nini, mwenzangu?"

"Nilimwambia mtu mmoja tu duniani. Mmoja! Sasa mtoto wangu yuko wapi?"

"Wallahi sikusema!"

"Apa tu. Midomo ya dukani huuza kila kitu, chumvi, mafuta ya taa, na dada zao."

Wanawake wakanyanyua mizigo yao wakahama baraza. Gideoni alikuwa pale sokoni. Alipomwona mkwewe alijificha nyuma ya mikungu ya ndizi, uso ameugeuzia ukutani, kama sheria inavyotaka. Mzee mmoja akawaonyesha vijana. "Tazameni. Hata katika fujo kama hii anamheshimu mkwe wake. Huyo ndiye mtu mwenye adabu." Gideoni alisikia sifa hiyo, akabaki ameutazama ukuta.

Damari alikwenda Ikombe bila mtoto. Tulinagwe aliporudishwa kutoka Njisi alimtafuta mama yake nyuma ya kila mgomba, maana ndiko alikozoea kumwona akijificha babu anapopita. "Babu," alisema, "wewe nenda zako, mama atoke." Gideoni alikuwa akiondoka kweli, akatembea mpaka mtoni, akirudi anamkuta bado anangoja.

Barazani kwa Haruni hakukaa tena mwanamke wa ziwani. Haruni alimwuliza mkewe mara kwa mara kama kweli hakusema, na kuulizwa huko kulikuwa adhabu tosha. Gideoni alipita dukani kununua chumvi, akasalimiwa vizuri. Angeweza kusema neno moja. Alijiambia kwamba kumtakasa Zuena kungekuwa kumvunjia Damari heshima, kwa kuwa ingejulikana kwamba baba mkwe amesikia siri za mkwewe. Mtu akitaka kunyamaza, hata heshima humkopesha kisingizio.

Bwana wa samaki akarudi, na Gideoni akashukuru kupata kazi. Walitoka ziwani na Nsajigwa, mpiga kasia, mtu wa maneno mengi. Bwana alipasua mbasa, akaonyesha mayai, akaeleza kwamba samaki hawa hupanda mito mvua ikianza. Nsajigwa akacheka.

"Bwana, kazi yako ndiyo safi. Samaki hana mkwe. Umfungue tumbo, usome yote, nani atakulaumu? Sio kama yule Misi wa sanduku. Aliondoka na sauti, akatuachia ugomvi. Au vipi, Mwalimu?"

 Gideoni alishika ile chupa ya spiriti mpaka bwana akamwambia aiweke chini. Kwa mara ya kwanza aliona alichokuwa amekataa kukiona. Jiwe halidai kitu kwa anayelivunja. Mbu haaminiani na mtu. Habari za kale wazee walizitoa wenyewe, wakijua nani anasikia. Lakini neno la Damari lilitolewa kwa mtu mmoja, na kila elimu ina adabu yake kama kila nyumba ilivyo na mlango wake. Yeye alikuwa ameingia kwa kuvunja ukuta, halafu akajisifu kwamba hakupita mlangoni.

Siku ya pili alikwenda kwa Zuena. Alimkuta peke yake akipepeta mchele.

"Ni mimi," alisema. "Misi alinipa sauti niandike. Nilisikia. Nikamwondoa mtoto."

Zuena aliendelea kupepeta kitambo. "Nilijua ni mmoja wetu wawili," alisema, "na mimi nilijijua. Kwa nini unaniambia mimi?"

"Kwa sababu umeumia."

"Nenda kamwambie uliyemnyang'anya. Umemnyang'anya nini? Mtoto wake."

"Siwezi kusimama mbele yake, mama. Unaijua sheria."

"Ehe! Sheria!" Ungo ukatua chini. "Siku ile ilikuwa wapi? Macho uliyafumba, masikio ukayatega kama mtego wa panya. Leo unataka ikufiche. Toka, baba Tuntufye, usije ukanifanya nitukane mtu mzima."

Gideoni alirudi akamweleza Anyosisye, ambaye alilia, halafu akamfunga mtoto mgongoni. Walipanda mtumbwi Mwaya. Ikombe, nyumba ya Ambilikile ilikuwa chini ya mlima, ukuta wa matete. Gideoni alikohoa mbali. Akageuka, akaketi juu ya jiwe, mgongo kwa nyumba. Anyosisye alibaki na mtoto kwenye migomba. Ambilikile akasimama kati.

"Ambilikile," Gideoni alisema kwa sauti ya kutosha kupenya matete, "mwambie dada yako kwamba Zuena hakusema. Niliyesikia ni mimi, katika mashine. Niliyemwondoa mtoto ni mimi. Nimemleta."

 Sauti aliyoijua ikatoka ndani, ikasema, "Kaka, mwulize kama alisikia yote."

"Yote," Gideoni alijibu, bila kungoja aulizwe.

"Mwulize kama alinisikia nikilia."

"Nilisikia."

"Mwulize mahali pale aliandika nini."

Gideoni alitazama ziwa. "Sikuandika kitu. Misi alitaka maneno, na pale hapakuwa na maneno."

 Ambilikile alihamisha uzito toka mguu huu hadi ule. Hakujua amtazame nani. Mwishoni sauti ikatoka, bila mzaha wowote.

"Mama mkwe amlete mtoto ndani. Na yeye akae tunywe naye uji, hakujua. Huyo mwingine, kaka, mwambie mimi nilimtukana Zuena sokoni, watu wakiwa wamejaa. Siku ya soko aende asimame pale pale, aseme alilofanya. Asipokwenda, nitakuja mwenyewe, nitamtazama usoni mbele ya Kyela nzima, na sheria na ife."

Gideoni alisikia nyayo ndogo zikikimbia nyuma yake, mlango wa matete ukifunguliwa, na kicheko cha mtoto. Hakugeuka.

Ndugu zake walimkasirikia kwa kumtoa mtoto wa ukoo, wakasema Tuntufye akirudi atapata nini. Hakubishana nao. Jumamosi, siku ya soko, alivaa koti jeusi, akapita katikati ya wauza mchele na wauza vyungu mpaka baraza la Haruni. Alivua kofia. Watu waliomjua walimpisha, wakidhani ana tangazo la kanisa. Alianza kusema, akiangalia miguu yake. Ndani ya duka Zuena alikuwa akimpimia mteja chumvi, na hakuinua kichwa.

"Sema kwa nguvu, baba Tuntufye," alisema. "Wa nyuma hawasikii."