Saa za Malori za Delfina Tindaan

Tarehe 14 Machi 2017, kwa mujibu wa daftari la halmashauri ya Dagway, mkutano wa mameya watatu ulioitishwa na Delfina Tindaan, afisa mipango wa mji wa Saleng, ulifunguliwa mjini humo saa nne asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Ajenda ilikuwa moja: saa za malori.

Delfina ana miaka hamsini na mbili, ni mfupi, na husema polepole kama mtu anayechambua mchele. Amezaliwa kwenye mashamba ya kabichi. Kwa miaka minne aliandikia miji jirani barua kumi na tisa, akajibiwa kwa adabu, na mambo yakabaki palepale.

Barabara ya kushuka milimani ni moja. Saleng iko juu, Balikew katikati, Dagway chini kwenye tambarare. Mwendo wa saa mbili tu. Lakini Saleng haikuruhusu lori kutoka kabla ya saa moja asubuhi, kwa sababu ya ukungu. Balikew ilifunga njia saa mbili hadi saa tano, kwa ajili ya shule. Dagway ilifunga saa sita hadi saa tisa, kwa ajili ya soko. Kila mji ulikuwa na haki yake, na kabichi ikaozea njiani. Wanunuzi wa Manila wakatoa neno la mwisho: hali ikibaki hivi hadi Mei, watahamia mkoa mwingine. Familia mia nne za Saleng hazina zao jingine.

Huku milimani jambo halijaamuliwa mpaka nyama iliwe, na mgeni haondoki kabla ya kupewa watwat, fungu lake la kupeleka nyumbani. Kuondoka mikono mitupu ni kumtukana mwenye karamu. Aliyeitisha kikao ndiye achinjaye. Basi Saleng ilichinja nguruwe wawili alfajiri, nyama ikachemshwa, na masufuria yakapakiwa kwenye lori la dereva Oyet pamoja na kabichi.

"Usivunje kanuni hata moja," Delfina alimwambia Oyet.

"Manang," alijibu, akimwita dada mkubwa kwa heshima, "nikizifuata zote nitawakuta wamekula meza."

"Zifuate."

Yeye akatangulia kwa pikipiki.

Asubuhi ilikwenda kama barua zake zilivyokwenda. Kila meya alieleza kwa nini mji wake hauwezi kubadilika. Ilipokaribia saa tano, Meya Abellera wa Dagway, mtu wa tumbo na mizaha, akatazama mlango.

"Manang Delfina, huyo nguruwe anakuja kwa miguu yake?"

"Yuko Balikew, Apo Meya," alijibu, kwa neno la heshima kwa wakubwa.

"Anafanya nini Balikew?"

"Anangoja shule."

Meya Bagwan wa Balikew aliacha kujipepea.

Saa saba Abellera akauliza tena, safari hii bila mzaha.

"Sasa yuko kwako," Delfina alisema. "Chungulia dirishani. Lile lori la bluu kabla ya daraja."

Abellera akachungulia. Lilikuwa mita mia nne kutoka alipokaa. "Mpigieni askari aliachie."

"Kwa kanuni ipi, Apo?"

"Manong," Bagwan alisema akicheka, akimwita kaka mkubwa, "ukilifungulia la nyama leo, kesho wenye kabichi utawaambia nini? Kaa, tufe njaa kwa heshima."

Hakuna aliyeweza kuondoka. Fungu lilikuwa bado njiani. Hapo ndipo Delfina alipotandaza ramani. Hakuanza na Balikew wala Dagway. Kidole chake kilitua Saleng.

"Barua zangu zote ziliwaomba ninyi mfungue," alisema. "Nilikosea. Fundo la kwanza ni letu. Tukiwatoa madereva saa kumi na moja alfajiri, watapita Balikew kabla ya shule na hapa kabla ya soko. Hamtafungua chochote."

Meya Wasing wa Saleng, bosi wake, alikunja uso. "Na ukungu? Tulizika watu wawili pale konani mwaka 2009. Mmoja ni shemeji yangu."

"Ndiyo maana peke yetu hatuwezi. Kona zinataka taa na watu wa bendera wa kuongoza magari. Tuna watu. Taa hatuna."

Kuuinamisha mji wako mbele ya wageni, bosi wako akiwapo, si jambo dogo huku. Kuna walioachishwa kazi kwa machache kuliko hayo.

"Dagway ina taa za njano tangu tulipojenga daraja," Abellera alisema mwishowe. "Zimelala ghalani."

"Fundi wa umeme atatoka kwangu," Bagwan alisema.

Wote wakamtazama Wasing. Alisoma ramani mara mbili, akaomba kalamu.

Walipotia saini ilikuwa saa nane na nusu, na lori lilikuwa bado darajani. Saa tisa kamili Oyet aliingia, nyama ikagawanywa, na Abellera akaomba fungu la pili.

Taa zinafungwa kwenye kona za Saleng wiki ijayo. Malori yanaanza kutoka saa kumi na moja alfajiri, Jumatatu tarehe 3 Aprili.