Nusu Saa kutoka Pemba hadi Unguja

Telegramu ilifika Jumatatu asubuhi: mtoto wa dada amezidiwa, leo wanatoka Pemba kwa ndege kumpeleka hospitali Unguja. Dada ameolewa na mwalimu, na serikali iliwapeleka huko Pemba kufundisha. Mtoto mwenyewe hatujamwona hata mara moja.

Baba alipomaliza kuisoma, mama akachukua ufagio akauchomeka darini. Kwetu msafiri akiwa njiani nyumba haifagiliwi mpaka ijulikane amefika, usije ukamfagia na yeye. Na huyu ni msafiri mgonjwa. Hakuna aliyethubutu kuokota hata ganda la karanga.

"Wewe uko sekondari," baba akaniambia. "Ni mbali kiasi gani?"

Nikaleta atlasi ya shule, nikapima kwa uzi. Wote walinikodolea macho, na mimi nikitazamwa hata jina langu nalisahau. Nikasema ni karibu kama kutoka hapa Unyambwa mpaka Manyoni.

"Uwii, Manyoni!" Mama akashika kichwa. Masika yaliyopita basi la Manyoni lilikwama matopeni, akalala njiani.

"Lakini kwa ndege ni kama nusu saa tu, mama."

Shangazi, dada yake baba, akacheka. "Nusu saa? Hata ugali wangu haujaiva! Wifi, fagia basi. Jua lile limeshapinda, wamefika zamani. Au unataka wageni watukute kwenye maganda kama mbuzi?"

Mama alinigeukia mimi. "Mwanangu, wamefika?"

Umbali niliujua. Muda pia. Lakini kama ndege imeruka au haikuruka, ningelijuaje hilo nikiwa Unyambwa? Ningesema ndiyo tu, mama angepumua.

"Sijui, mama."

"Sasa tunakusomesha ya nini?" baba akafoka. Nikaenda kulia nyuma ya zizi.

Jumanne jioni ikaja telegramu ya pili. Pemba mvua kubwa, ndege haijatua, tunasubiri. Baba aliisoma huku sauti inamshuka. Shangazi akasema, "Pole, wifi." Mimi ile nusu saa ilinichoma zaidi. Hospitali iko karibu namna hiyo, na mtoto hafiki.

Mama akatandika kanga, akaanza kufunga unga wa uwele na karanga.

"Unakwenda wapi?" baba akauliza.

"Kwa mwanangu."

"Basi, treni, halafu meli! Unajua utafika lini?"

"Nikikaa hapa ndiyo nitafika mapema?"

Akakaza fundo kwa meno. Kisha akasita, akatutazama mmoja mmoja. "Niambieni basi. Meli nipande ya Unguja, au ya Pemba?"

Baba aliigeuza telegramu upande wa nyuma, kama vile kumeandikwa kitu.