Kilemba cha Mama, Uso Wangu

Admin, tafadhali ficha ID yangu kabisa, ndugu zangu wote wako kwa hii page.

Mimi ni dada wa miaka thelathini na moja, naishi Mowlem hapa Nairobi, kifungua mimba kwetu. Mama yangu tunamzika Jumamosi huko nyumbani magharibi, na mwenzenu nimekwama na picha. Ndiyo, picha. Cheka ukitaka, mimi machozi yameisha.

Mama hakuwa mtu wa picha. Ukiinua simu tu anajifunika leso usoni na kukufukuza jikoni. Kitambulisho chake ni cha kitambo, sura imefutika limebaki doa. Alikubali siku moja tu, wakwe walipokuja kwake Njiru kuleta mahari yangu. Alifunga kilemba cha rangi ya machungwa, akajiweka kwa kiti, akamwambia mpiga picha, "Haya, piga kabla sijabadilisha nia."

Hizo picha hatukuwa tumepewa bado mama alipougua, akatutoka. Mpiga picha, ambaye ni jirani, akatuletea kadi ya kamera akisema imekataa kufunguka. Ndugu yangu akaichomeka kwa laptop, ikauliza kama i-format, akabonyeza ndiyo. Eti alidhani ndiyo kuitengeneza, kumbe ni kufuta kila kitu. Nitamkasirikia vipi na analia kuliko mimi?

Tukaipeleka kwa fundi wa kompyuta, Donholm. Sufuria za pilau zilirudi. Viatu vya wageni mlangoni vilirudi. Shemeji akitafuna kuku alirudi mzima, kila jino! Mama alirudi kwa picha moja tu: kilemba na paji la uso. Kuanzia nyusi kushuka ni kijivu kitupu.

"Hiyo imeenda, siz," fundi akaniambia. "Haiwezi rudi."

Mjomba, kaka yake mama, ndiye mwenyekiti wa kamati ya mazishi, na tulikuwa naye hapo kwa fundi. Alinitazama usoni, akasema, "Si huyu ni mama yake mtupu? Fundi, chukua uso wake uunganishe hapo chini. Nani atajua?"

Kwetu picha hutangulia mbele ya jeneza. Ukikosa, watu watasema marehemu hakuwa na watoto wa kumjali. Basi nikakaa nikapigwa picha. Fundi akaunganisha, akaniongezea makunyanzi. Shangazi zangu walipoiona wakapiga nduru, "Uuuwi, mke wa kaka yetu!"

Mchumba wangu amekataa katakata. "Mtu aliye hai hawekwi mbele ya jeneza. Huko ni kujiitia kifo." Nyanya naye, mzazi wa mama, amepiga simu kutoka nyumbani: "Mmepata sura ya mtoto wangu? Niletee niweke ukutani, niwe namsalimia asubuhi." Nikajibu tumepata. Ningemwambia nini jamani?

Lakini kifo sicho kinachoniogopesha. Jana nilifumba macho nimkumbuke mama, ikaja ile picha aliyounganisha fundi. Nikajaribu tena, ikaja ile ile.

Mtu wa kuchapisha anataka jibu leo, na kila ninayemuuliza ananiambia niamue mimi kwa sababu ni mkubwa. Nimechoka kuwa mkubwa. Nishaurini wapendwa: nyanya asalimie uso wangu kila asubuhi akidhani ni mtoto wake, au nimpelekee kilemba na kijivu?