Tisa Iliyokaa Ndani ya Nyavu Mbili

Mwanangu, kila nikisikia harufu ya dagaa wabichi huikumbuka siku moja ya miaka ile biashara huria iliporuhusiwa. Mnunuzi kutoka mbali alikuwa ametuambia sisi wanawake wa mwaloni Pasiansi, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga ziwani: "Dagaa wenye mchanga sichukui tena. Jumamosi narudi. Nikiwakuta wameanikwa chini, navuka ziwa, nanunue Sengerema."

Tulihitaji vichanja, nyavu zilizotandazwa juu ya nguzo ili dagaa wakauke bila kugusa chini. Tulikuwa na nyavu kuukuu mbili tu za upana mmoja, mmoja urefu wa hatua arobaini na tano, mwingine ishirini na saba. Vipande vilitakiwa vilingane, maana vichanja tungegawana kwa kura, na kisibaki hata kipande. Tena viwe virefu kadiri iwezekanavyo, kwani kila kichanja, kiwe kirefu kiwe kifupi, kinataka nguzo nne, na miti ilikuwa adimu.

Nikapewa kazi mimi, niliyemaliza darasa la saba. Nikachora mchangani: tatu inaingia arobaini na tano mara kumi na tano, na ishirini na saba mara tisa. "Tatu!" nikatangaza, nikashika kisu.

"Vichanja ishirini na vinne?" Mama Kabula akadakia. "Nguzo tisini na sita utazitoa kwa mume gani, msomi?"

Wakacheka. Yeye na mimi hatukupendana, lakini haki yake nimpe: aliona kabla yangu. Mimi nilitaka kukata tu, nisiaibike.

Ndipo Bibi Nkwimba, ambaye hakuwahi kukaa darasani, aliponishika mkono.

"Weka kisu chini, mwalimu. Tuziulize nyavu zenyewe."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na bibi, kwa mgongo wake ule, aliinama. Akatandaza wavu mfupi kando ya mrefu. Mrefu ukazidi kwa hatua kumi na nane. Hizo kumi na nane akazilaza juu ya mfupi. Sasa mfupi ukazidi kwa tisa. Hizo tisa akazilaza juu ya zile kumi na nane: mara moja, mara mbili, kwisha. Hapakuzidi hata upana wa kidole.

"Hiki ndicho kipimo," akasema. "Sasa kata."

Nikakata kwa hatua tisa tisa: vitano wavu mrefu, vitatu wavu mfupi. Vichanja vinane, nguzo thelathini na mbili, basi.

Jumamosi mnunuzi alichota dagaa, akawasugua viganjani, akapuliza. Mchanga hata chembe! "Nachukua wote," akasema. Vigelegele vilivyopigwa, nadhani Sengerema walivisikia. Mama Kabula alinibeba mgongoni, yeye huyo huyo, akizunguka vichanja mpaka kanga ikamvuka.

Nyumbani nikafungua daftari. Vigawo vya ishirini na saba: moja, tatu, tisa, ishirini na saba. Vya arobaini na tano: moja, tatu, tano, tisa, kumi na tano, arobaini na tano. Kigawo kikubwa cha shirika ni tisa! Tatu yangu haikuwa uongo, nayo ni ya shirika. Ila niliishia njiani.

Basi mwanangu, ukipata jibu linalofaa, uliza kama lipo kubwa kuliko hilo. Kilichozidi usikitupe, kipimie tena. Na akili ni nywele, kila mtu ana zake: msikilize hata asiyekupenda. Mungu akujalie mgongo wa kuinama, na popote utakapogawa, asibaki mtu akilia.