Yaya Georgine, aliyenifundisha upepo wa tairi kwenye mchanga wa Kasaji

Tangu asubuhi nafungua simu, nafunga, nafungua tena, labda mtu ataandika kwamba ilikuwa makosa. Hakuna aliyeandika. Yaya Georgine amekufa, na wamemzika hapa Kolwezi mimi nikiwa sipo.

Kwa wale ambao hamkumjua: yaya kwetu ni dada mkubwa, na yeye alikuwa dereva wa ofisi yetu, mwanamke pekee kati ya madereva. Tulipeleka chanjo za watoto vijijini, mimi logistique, kupanga mizigo, yeye usukani. Miaka sita.

Siku yetu ya kwanza nilikuwa nimebandika karatasi kwenye mlango wa gari letu la quatre-quatre: upepo wa tairi, mbele kilo ngapi, nyuma kilo ngapi. Akaisoma yote. Akacheka mpaka akaegemea usukani.

"Fidèle, hii karatasi ilishaka kufika Kasaji?"

Lami ikiisha, njia ya Kasaji ina sehemu za mchanga mwepesi kama unga. Alisimamisha gari kabla ya kuingia, akashuka na kipimo chake, akaanza kupunguza upepo, tairi moja moja.

Nikamuuliza tunashuka mpaka ngapi. Nilitaka namba niandike.

"Inategemea. Tunabeba nini? Muchanga iko mukavu, ao mvua ilinyesha? Jua iko namna gani?"

Siku hiyo ilikuwa kilo moja na nusu mbele, nyuma zaidi kidogo kwa sababu ya mzigo. Kisha akarudi nyuma hatua kadhaa, akachuchumaa na pagne yake kiunoni, akatazama tairi zilivyolala chini.

"Unaona? Ikipata tumbo kidogo, inatembea juu ya muchanga. Ikikuwa nguvu, inachimba shimo kama creuseur wa madini."

Mbele tukapita lori lililozama mpaka ekseli. Alinitazama tu pembeni mwa jicho! Jioni nikaibandua ile karatasi.

Na lami nayo ilikuwa na sheria yake. Tukienda Fungurume baada ya kutoka porini, hakuondoka mpaka amejaza upepo wote tena. Compressor inanguruma, jua linatupiga, mimi nalalamika.

"Pneu laini, lami ya moto, mwendo mukali: inapasuka. Mi niko na batoto, Fidèle. Na weye uko na batoto."

Sikulalamika tena. Haya, nililalamika, lakini kimoyomoyo.

Kisa hiki sijawahi kukiandika popote. Wakati mmoja alikuwa kwenye kilio cha shangazi yake, nikaendesha mwenyewe. Nikajifanya mjuzi, nikapunguza upepo mno, halafu nikakata kona mbio. Tairi ya nyuma ikatoka kwenye rimu. Ya akiba tulikuwa tumeiacha kwa fundi.

Masanduku ya chanjo yalikuwa na barafu ya saa chache tu. Nilimpigia nikiwa karibu kulia.

Akatoka kilioni, akapanda pikipiki ya taxi-moto, akaja na compressor mapajani, kitambaa cha kilio bado kichwani. Tukainua gari kwa jeki, tukahangaika mpaka tairi ikakaa mahali pake.

"Ulikata kona mbio?"

"Ndiyo, yaya."

"Bon. Sasa unajua. Upepo kidogo, mwendo kidogo."

Chanjo zilifika zikiwa baridi. Kwa chef wa ofisi alisema tu, "Njia ilikuwa mubaya." Kisha akarudi kuomboleza.

Mwezi uliopita aliacha kuja kazini. Nikimuuliza, anasema, "Kuchoka tu." Niliamini, kwa sababu kuamini kulikuwa rahisi.

Wiki jana nilitumwa Kasaji peke yangu. Mvua ilikuwa imenyesha nusu ya njia, nusu nyingine mchanga mkavu kabisa. Nikasimama, nikampigia.

Sauti yake ilikuwa chini. Aliuliza mzigo, akauliza jua, akaniambia nishushe mpaka kilo moja na robo. "Usishike frein, usisimame katikati. Ukivuka, unipigie."

Nikavuka. Nikampigia. "Sawa, papa. Endelea."

Basi. Hayo ndiyo ya mwisho.

Jana binti yake, Solange, ndiye aliyenieleza. Mama yake alikuwa hospitali siku ile nilipompigia, figo zimekataa, sindano ya serumu iko mkononi. Muuguzi alimwambia aweke simu chini. Akamjibu, "Ngoja. Huyu hayavuka bado muchanga."

Na mimi sikumuuliza hata yuko wapi. Niliuliza habari za tairi tu.

Habari ya kifo ilinikuta bado huko Kasaji, akina mama wakiwa wamepanga mstari na watoto mgongoni. Ningeweza kufunga masanduku nikimbie kwenye matanga. Nikawatazama wale waliotembea tangu alfajiri. Nikabaki mpaka mtoto wa mwisho.

Kurudi nilikuwa peke yangu. Kwenye mchanga nilishuka, nikapunguza upepo, nikachuchumaa kutazama tairi. Nikavuka vizuri. Nikatoa simu mfukoni, nikakaa nayo mkononi pembeni mwa njia, sina wa kumwambia.

Nilipofika kwake Dilala, walikuwa wanapakia viti vya kukodi kwenye mkokoteni. Bâche, turubai la matanga, imeshashushwa. Solange aliketi kwenye kizingiti. Nilisema, "Nimechelewa." Akasogea kidogo, akanipa nafasi. Tukakaa mpaka mkokoteni ukaondoka, ndipo akanieleza ya simu ile.

Kazini wamesema watanipa dereva mwingine. Atakuwa mtu mzuri, sina shaka. Lakini leo nimekaa ndani ya gari uani mwa ofisi, upande wangu wa abiria, na sijaweza kushuka.

Yaya Georgine, nisamehe sikukuuliza. Asante kwa kunivusha na wewe ukiwa na maumivu yako. Pumzika sasa, yaya. Pumzika vizuri.