Jina Zito Kuliko Mkuki

Kija ni wifi yangu, mke wa kaka yangu Fredrick, na wifi ni wa kutaniwa, kwa hiyo mkisikia namsema msinihukumu. Nampenda. Lakini ukweli usemwe: mwanamke huyu, ambaye hakuna mwanamke Simiyu nzima anayemfikia kwa kurusha mkuki, alishindwa kutoa mdomoni neno moja la silabi tatu, na neno hilo likamnyima alichokitaka kuliko vyote, ubingwa wa taifa.

Alizaliwa Migato, kwa wakulima wa pamba. Mkuki wake wa kwanza ulikuwa mwanzi wenye msumari mrefu kichwani, kazi ya mikono ya Mwalimu Selestini wa michezo, maana shule yao ilikuwa na mpira mmoja tu, nao umepasuka. Shangazi zake waliguna. Mkuki ni kitu cha wanaume, walisema, msichana ataupeleka wapi? Mwalimu akawajibu kwamba ule hauwezi kuua hata kuku. Kabla hajamaliza darasa la saba Kija alikuwa anauvusha uwanja mzima hadi kwenye mahindi ya jirani, na jirani akawa anakuja shuleni kulalamika huku akicheka. Akaenda mashindano ya shule za msingi, akaenda ya sekondari, akarudi na vikombe. Mama yake alivigeuza vya kuwekea chumvi.

Kisha akaolewa kwetu, Bariadi, na majirani wakasema mkuki umeishia hapo. Hawakumjua Fredrick. Kaka yangu ni fundi pikipiki, mtu wa maneno machache, na mwaka ule ule wa harusi alichukua jembe akasawazisha njia ndefu pembeni mwa shamba letu la pamba ili mke wake apate pa kukimbilia. Kija alipalilia asubuhi, akarusha jioni. Alizaa watoto wawili, akarudi kurusha. Mwalimu Selestini naye alikuwa amehamia mjini, akaendelea kumfundisha, na kila mwaka ubingwa wa mkoa ukawa wa kwetu. Mimi nilikuwa najisifu sokoni kana kwamba nimerusha mwenyewe.

Baba yangu, Mzee Mayige, hakuwahi kumwona akirusha hata mara moja. Si kwamba alikataza. Baba mkwe hamkodolei macho mkamwana aliyevaa bukta, kwa hiyo Kija akianza mazoezi mzee anabeba kigoda chake na kwenda kukaa upande wa pili wa nyumba, ameelekea barabarani. Akisikia nashangilia, anakohoa. Hiyo ndiyo ilikuwa pongezi yake.

Na Kija naye alikuwa na heshima yake. Nyumbani kwetu mkamwana hatamki jina la baba mkwe. Anasema "mwenye mji," au "yeye." Kija alizidisha. Mayige kwa Kisukuma ni nzige, baba alizaliwa mwaka wa nzige, basi hata panzi wakiingia kwenye mboga wifi yangu atakwambia, "Wale wadudu wanaoruka wamekuja." Kliniki manesi wa hapa walimwelewa, walimsomea jina wenyewe, yeye akaitikia kwa kichwa. Tatizo ni kwamba baada ya ndoa kitambulisho chake kilimwandika Kija Mayige. Hakuna aliyeona ubaya, maana mkoani nani asiyemjua?

Hatimaye akachaguliwa kwenda mashindano ya taifa. Kabla ya kuingia uwanjani wachezaji walipangwa mstari, makocha wakabaki nje, na msimamizi akapita akihakiki mmoja mmoja. Alikuwa mgeni wa mambo yetu, na siku hizo walikuwa wanasaka mamluki, watu wanaochezea mkoa usio wao kwa jina la mwingine. Akashika kitambulisho cha Kija. Picha za vitambulisho vyetu mnazijua, hata mama mzazi anaweza kukukana.

"Jina lako kamili?"

"Kija."

"Kija nani?"

Kimya.

"Dada, nakuuliza jina la ukoo. Kija nani?"

Kija akatazama chini. Angeweza kusema nini? Kumweleza yule msimamizi habari za ukwe wakati mstari unasubiri? Alijaribu, anasema, lakini mdomo ulifunguka ukatoka upepo mtupu. Wanasema ulimi hauna mfupa. Wa wifi yangu siku ile ulikuwa nao.

"Mtu hajui hata jina lake," akasema msimamizi. "Mamluki huyu. Mtoe."

Mwalimu Selestini alipopata habari na kuja mbio, mikuki ilikuwa imeshaanza kuruka. Nilikasirika, jamani. Niliwakasirikia msimamizi, mwalimu, Kija mwenyewe, na desturi zetu zote kwa pamoja. Kija aliporudi alishika jembe akaingia shambani, na alipotoka akasema hatarusha tena, umri nao unakwenda.

Mwalimu ndiye aliyekuja kumweleza baba. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akichezea kofia yake.

"Kwa hiyo ni mimi niliyemnyima," alisema.

"Si wewe, baba," nikamjibu. "Ni jina lako."

"Mimi na jina langu tunakaa nyumba mbili?"

Kesho yake aliniita. Kija alikuwa amepiga magoti nje ya mlango, ametugeuzia ubavu, anasikia kila neno, lakini baba alizungumza na mimi kana kwamba yeye yuko mbali kule Maswa.

"Anyesi, mwambie mkamwana wangu kwamba heshima si utumwa. Ameniheshimu mpaka imetosha, na ikapita. Yule mtamba mwekundu ni wake. Namfungua mdomo kwa ng'ombe huyo. Kuanzia leo jina langu alitaje, na mkuki aurushe."

Nikageuka. "Umesikia?"

"Wabeja, baba," Kija alishukuru, na machozi yakamtoka.

Mnadhani basi yameisha. Thubutu! Mtamba alikuwa zizini, ruhusa imetoka, na bado jina halikutoka. Nilimfundisha shambani tukichuma pamba. Namwambia, "Sema Ma." Anasema, "Ma." "Sema yi." "Yi." "Sema ge." "Ge." "Haya, yaunganishe." Anaangua kicheko, anajifunika uso kwa kanga. Msimu mzima tulichuma pamba hivyo. Mkuki ulizidi kwenda mbali na jina lilikaa pale pale, na siku ya uhakiki ilikuwa inakuja.

Mashindano yaliyofuata yalikuwa Mwanza. Asubuhi ya safari tulimkuta baba stendi kabla yetu, amevaa koti lake la harusini. Hakusema anakwenda wapi na hatukumuuliza. Uwanjani alichagua kiti cha mbele karibu na uzio, kisha akakikalia kinyume, ameupa uwanja kisogo. "Utanisimulia," aliniambia.

Uhakiki ulifanyika pale pale mbele yetu. Msimamizi safari hii alikuwa kijana mwenye sauti ya kuchoka.

"Jina kamili?"

"Kija." Akameza mate. "Kija Mayige." Hata mimi sikumsikia, nilimsoma midomo.

"Sauti, mama!"

Kija akapiga moyo konde, akafumba macho, akapaza sauti iliyojaa mwaka mzima wa hofu.

"MAYIGE!"

"Naam!" akaitika baba.

Alishasimama. Mtu akiitwa jina lake huitika, na mzee aligeuka kabla hajakumbuka kwamba hapaswi kutazama. Jukwaa lote likalipuka kwa kicheko. Kijana wa uhakiki alicheka mpaka akainama. Kija alimwona baba mkwe wake amesimama na koti lake, akataka kupiga magoti, kisha akacheka naye, na nikaona mabega yake yakishuka.

Baba hakukaa tena. Alishika uzio akatazama kila mrusho, wa Kija na wa wengine, akiniuliza kwa nini bendera nyekundu, kwa nini yule kakanyaga mstari. Askari mmoja mrefu kutoka Arusha aliongoza mpaka karibu na mwisho. Mrusho wa mwisho wa Kija ulitoka mkononi umetulia, ukapanda, ukakawia kushuka, na ulipochoma nyasi mbele ya alama ya yule askari nilipiga yowe nikasahau umri wangu.

Kipaza sauti kikatangaza: "Bingwa wa taifa, mkuki wanawake, kutoka Simiyu, Kija Mayige!"

Nikamgusa baba begani. "Baba, wanakuita."

Hakuitika. Alikuwa amejifunika uso kwa kofia, ameishika kwa mikono miwili, analia, basi nikaitika mimi kwa niaba yake.