Mandazi ya Basi Zima

Msinicheke sana. Mimi ni nesi hapa Sydney, na Jumamosi iliyopita nilikwenda kupanda milima na klabu ya mtaa wetu wa Liverpool. Ni wastaafu watupu, wenye kofia pana na jaketi za buluu. Mwafrika ni mimi peke yangu.

Kule juu ukungu ulitanda, udongo ukanukia mvua, nikajiona nipo Taita, mtoto wa shule, miguu peku, mama ananifungia mandazi ya moto kwenye kitambaa. Machozi yakanilenga. Nilipozinduka, wenzangu walikuwa wameshateremka. Nikashuka mbio hadi kwenye basi jeupe la kwanza nililoliona, nikajitupa kitini nyuma kabisa, katikati ya kofia pana na jaketi za buluu.

Nyumbani kulikuwa bado kumenijaa kifuani. Nikafungua kopo langu, nikagawa mandazi basi zima huku nikiwasimulia habari za mama. Walikula, wakaniomba niendelee. Nikasema moyoni, leo hatimaye wamenizoea.

Mbele, kiongozi akahesabu vichwa. Akahesabu tena. "Tumezidi mmoja," akasema kwa upole.

Nikasimama na sauti yangu ya wodini: "Jamani, aliyekosea basi ajitokeze! Wenzake wanamsubiri!"

Nikaanza kukagua nyuso, moja baada ya nyingine, nimtafute huyo mgeni. Sikumjua hata mmoja. Na wote walikuwa wananitazama mimi.

Bibi niliyeketi naye akapangusa makombo mdomoni, akanishika mkono.

"Mwanangu, tulijua tangu ulipopanda. Tulitaka kwanza umalize habari za mama yako."